Vyombo vya kabatini, nani anavilia?

Katika sebule nyingi za mijini kuna kabati lenye milango ya vioo, na ndani yake kuna seti ya vyombo vya udongo ambayo mama mwenye nyumba aliletewa siku ya kicheni pati. Sahani sita kubwa, sita ndogo, vikombe na visosi vyake, bakuli la mchuzi lenye mfuniko, na jagi ambalo halijawahi kutiwa maji. Watoto wanajua kwamba mlango ule hauguswi. Wao hula kwenye sahani za plastiki zilizofifia rangi, na bibi yao akija kutoka kijijini hula kwenye sahani hizohizo.

Kabati hufunguliwa sikukuu. Hapo ndipo mama anapoingia kwenye simu kutafuta picha za meza nzuri, na anazokutana nazo karibu zote zinafanana: kitambaa cheupe kinachoning'inia hadi karibu na sakafu, sahani nyeupe juu ya sahani nyeupe, glasi ndefu, maua katikati. Inapendeza, hakuna ubishi. Ila meza ile imepangwa kwa ajili ya kamera. Haina mtoto wa mwaka mmoja anayejifunza kusimama kwa kushika kila kinachoning'inia, wala haina bibi mwenye mtoto wa jicho anayetafuta wali mweupe kwenye sahani nyeupe.

Hao wawili ndio wa kuwafikiria kwanza. Namna sahani, bakuli na kitambaa cha meza vinavyolinganishwa inahusiana na kiasi cha chakula wanachokula, na wakati mwingine na usalama wao. Meza inayowafaa haipotezi uzuri wake hata kidogo, na vifaa vyake vingi tayari vimo ndani ya nyumba.

Na mama asichekwe kwa kabati lake. Kupenda vyombo vya kutazama si jambo la juzi katika pwani hii. Kwenye nyumba za mawe za Lamu, kuta za vyumba vya ndani zilijengewa zidaka, vile vijishubaka vya ukutani, na humo zikapangwa sahani na mabakuli ya kauri yaliyovuka bahari kutoka Uchina na kwingineko. Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, nguzo za makaburi ya kale ziliwekewa mabakuli ya kauri kama pambo. Tofauti ni kwamba mabakuli yale yaliwekwa makaburini yatazamwe tu. Sahani za kicheni pati zilinunuliwa ziliwe.

Wali mweupe, sahani nyeupe

Bibi akiacha chakula nusu, nyumba nzima huwa na maelezo. Amezeeka, hana hamu, mchuzi wa leo haukukolea. Anaulizwa, "Mama, umeshiba?" naye anajibu, "Nimeshiba, mwanangu, Mungu awabariki." Wazee wengi hawatasema kwamba hawakukiona kilichobaki. Pengine wao wenyewe hawajui kwamba kimebaki.

Mtu mwenye mtoto wa jicho huona kama anayetazama kupitia kioo chenye ukungu. Rangi zinafifia, na mpaka kati ya kitu na kitu unapotea. Sasa fikiria chakula cha kawaida cha nyumbani: wali, ugali, viazi vya kuchemsha, ndizi, samaki wa nazi. Vingi ni vyeupe au vya rangi ya maziwa. Vikiwekwa kwenye sahani nyeupe, juu ya kitambaa cheupe, kwenye chumba chenye taa hafifu, mzee anapapasa. Anakula cha katikati ambako mboga imeonyesha njia, na cha pembeni kinarudi jikoni.

Mwaka 2004 watafiti wa Boston, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio dogo kuhusu jambo hili. Waliwafuatilia wanaume 9 wenye ugonjwa wa Alzheimer, ule wa kupoteza kumbukumbu, uliokuwa umefika hatua ya mbali. Kwanza walikula kwenye vyombo vyeupe. Walipobadilishiwa vyombo vyekundu vilivyokolea, kiasi cha chakula walichokula kiliongezeka kwa asilimia 25 na vinywaji kwa asilimia 84. Baadaye vikajaribiwa vya bluu iliyokolea, navyo vikasaidia. Vyekundu na vya bluu vilivyopauka havikusaidia. Maana yake ni kwamba wekundu wenyewe haukuwa dawa. Kilichofanya kazi ni rangi ya chombo kuwa mbali na rangi ya chakula.

Watu 9 ni wachache, na wote walikuwa wagonjwa wa aina moja, kwa hiyo asitokee wa kuuza sahani nyekundu kama tiba. Lakini kubadilisha sahani hakuna madhara, na gharama yake ni ndogo kuliko dawa za kuongeza hamu ya kula ambazo baadhi ya familia hukimbilia kununua bila kumwona daktari.

Kwa mpangaji wa meza, habari hii inageuka kuwa kanuni moja ya kupamba. Meza ina tabaka tatu: kitambaa, sahani na chakula. Kila tabaka liwe na rangi inayotofautiana waziwazi na lililo chini yake. Kitambaa cha damu ya mzee na sahani nyeupe vinapendeza sana kwa maharage, tembele au nyama ya mchuzi. Siku ya wali na samaki wa nazi, sahani iwe ya bluu, ya kijani kibichi au ya rangi ya udongo, na kitambaa kiwe cha rangi ya maziwa. Kama seti nzima ni nyeupe, tafuta sahani moja ya rangi iliyokolea, na hiyo iwe ya bibi. Isiwe ya plastiki iliyotupwa kando ya nyingine, atajiona ametengwa. Iwe nzuri, ya udongo, na ikiwezekana rangi yake ionekane pia kwenye kitambaa cha meza ili ionekane imechaguliwa kwa makusudi.

Kipimo kipo mkononi. Panga meza, pakua chakula, piga picha kwa simu, kisha igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Kama sahani imemezwa na kitambaa, au wali umemezwa na sahani, hivyo ndivyo bibi anavyoona.

Maji yana tatizo hilohilo. Glasi ya kioo yenye maji safi, kwa mwenye macho hafifu, ni hewa tupu. Ataigonga kwa kiwiko kabla hajaiona. Mwekee maji kwenye kikombe cha rangi chenye mkono wa kushikia. Wazee wengi hawanywi maji ya kutosha, na kikombe kinachoonekana ni ukumbusho wa bure.

Hapa lazima kuwe na mpaka. Mzee anayepungua uzito, anayepaliwa mara kwa mara, anayelalamika meno au kinywa, huyo apelekwe hospitali, wala sahani isimcheleweshe. Na mtoto wa jicho ana upasuaji unaorudisha uwezo wa kuona. Ni jambo la kusikitisha kwamba familia nyingi hulichukulia kama sehemu ya uzee, mzee akaachwa kwenye ukungu miaka na miaka.

Kanga ikae wapi

Hakuna kitambaa kinachoifaa meza ya hapa nyumbani kuliko kanga, na ni ajabu kwamba watu hununua vitambaa vya nailoni vya kung'aa wakati sandukuni mna doti ambazo hazijawahi kuvaliwa. Kanga moja ina urefu wa kama mita moja na nusu na upana wa kama mita moja, kwa hiyo kwa meza ya watu wanne inatosha bila kushonwa upya. Pindo lake tayari ni mapambo, na jina lake linawapa wageni cha kusoma wakisubiri chakula. (Lisomwe kwanza na mwenye nyumba. Kuna majina ambayo mama mkwe akiyakuta mezani, sikukuu imekwisha.)

Shida ya kanga ni wingi wa maua. Kwenye kitambaa chenye michoro mingi, kijiko kinapotea, na mzee mwenye tatizo la kumbukumbu anaweza kujaribu kuokota korosho iliyochorwa akidhani ni chakula. Macho ya mwenye afya nayo yanachoka pale kanga yenye maua inapobeba sahani zenye maua na glasi zenye maua. Mafundi wa kupamba kumbi wana msemo wao mzuri kwamba kimoja kiongee na vingine vinyamaze. Kanga ikiongea, sahani ziwe za rangi moja bila michoro. Kama sahani za kabatini ndizo zenye maua na ua la dhahabu ukingoni, kitambaa kiwe cha rangi moja, na rangi hiyo itolewe kwenye ua lenyewe. Ukiona sahani ina jani dogo la kijani, chukua kijani hicho, na meza nzima itaonekana kama ilinunuliwa siku moja duka moja.

Njia nyingine, nayo ndiyo inayofaa zaidi nyumba yenye watoto, ni kuikunja kanga kwa urefu mara mbili au tatu na kuitandaza katikati ya meza tu, kama mkanda. Mabakuli ya chakula yakae juu yake. Pale mbele ya kila mlaji pabaki mbao tupu, au pawekwe kikeka kidogo cha ukindu au kitambaa cha rangi moja. Kijiko kinaonekana, sahani inaonekana, na kanga inaonekana vizuri kuliko ingefunikwa na sahani.

Mkanda huo una faida kubwa kuliko uzuri. Kitambaa kinachoning'inia pembeni ni kamba mkononi mwa mtoto anayeanza kutambaa na kusimama. Anashika ncha, anajivuta ainuke, na kilichoko juu kinamshukia: chupa ya chai ambayo haikufungwa vizuri, bakuli la mchuzi, uji uliotoka motoni. Ngozi ya mtoto mdogo ni nyembamba, na kikombe kimoja cha chai ya moto kinatosha kumuunguza uso, shingo na kifua. Nyumba yenye mtoto wa umri huo haina sababu ya kuwa na kitambaa kinachoning'inia, hata siku ya wageni. Siku ya wageni hasa, kwa sababu siku hiyo kila mtu anadhani mtoto yuko na mwingine.

Ikitokea, maji ya bomba ya kawaida yamiminwe juu ya sehemu iliyoungua kwa dakika 20, nguo na bangili zitolewe kama hazijagandamana na ngozi, kisha mtoto afunikwe mwili uliobaki asipate baridi na apelekwe kituo cha afya. Dawa ya meno, mafuta ya kula, yai, unga na asali visipakwe. Anayevipendekeza anaweza kuwa shangazi mwenye nia njema na sauti kubwa, lakini visipakwe.

Bakuli la mtoto

Kula sinia moja ni jambo jema la familia, na hakuna daktari mwenye busara atakayelipiga vita. Ila kwa mtoto wa chini ya miaka miwili sinia lina kasoro moja: halisemi amekula kiasi gani. Mikono ya kaka zake ina kasi. Mama anamwona akitafuna, anaridhika, na sinia likiisha kila mtu anadhani mwenzake ndiye aliyemlisha. Hii ndiyo maana wataalamu wa lishe wanasisitiza kwamba mtoto mdogo apakuliwe kwenye chombo chake mwenyewe, hata kama chombo hicho kitawekwa pembeni ya sinia na yeye akae palepale katikati ya wenzake.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania wa chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Sababu ni nyingi, kuanzia umaskini hadi magonjwa ya kuhara, na bakuli halitaleta chakula mahali ambako hakipo. Lakini pale ambapo chakula kipo na bado mtoto hakui, swali la kwanza la mhudumu wa kliniki ni "Anakula kiasi gani?" na akina mama wengi hujibu, "Anakula vizuri tu." Bakuli ndilo linaloleta jibu.

Kiasi kinachotumika katika ushauri wa ulishaji hupimwa kwa kikombe au bakuli la mililita 250. Mtoto wa miezi 6 huanza na vijiko viwili au vitatu vya chakula kila mlo, na kufikia miezi 8 awe amepanda hadi nusu bakuli. Kuanzia miezi 9 hadi 11 ni nusu bakuli kwa mlo, milo mitatu au minne kwa siku. Kuanzia mwaka mmoja hadi miwili ni robo tatu mpaka bakuli zima, milo mitatu au minne, na asusa mara moja au mbili katikati, kama kipande cha papai au ndizi. Maziwa ya mama yanaendelea muda wote huo.

Kwa hiyo ukienda kununua bakuli la mtoto, kinachofuata baada ya uzuri ni ujazo. Chukua chupa ya maji ya nusu lita, mimina nusu yake kwenye bakuli. Likijaa vizuri, hilo ndilo. Lenye mchoro au mstari ndani unaoonyesha nusu ni bora zaidi. Kuhusu rangi, mtoto hana shida ya macho ya bibi, ila chombo cha rangi iliyokolea kinamvuta, na ugali wake unaonekana. Jambo la kupendeza ni kumlinganishia bakuli na sahani za wakubwa: rangi moja na sahani ya mama, au rangi moja na sahani ya bibi. Bibi na mjukuu wakiwa na vyombo vinavyofanana, kulishana kunakuwa mchezo, na kila mmoja anamsimamia mwenzake amalize.

Kuna wazazi ambao wasiwasi wao ni kinyume, mtoto mkubwa au baba ananenepa, na wamesikia kwamba dawa ni sahani ndogo. Habari hiyo ilivuma sana kupitia mtafiti maarufu wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Mwaka 2018 chuo hicho kilimkuta na makosa ya kitaaluma, na baadhi ya tafiti zake kuhusu ulaji ziliondolewa kwenye majarida. Sahani ndogo haitamdhuru mtu, lakini kutegemea sahani ifanye kazi ya kupunguza soda na chipsi ni kujidanganya. Anayeongeza mara tatu kwenye sahani ndogo amekula sahani kubwa.

Kipi cha moto, kipi cha baridi

Vyombo vya melamini vimejaa sokoni kwa sababu nzuri. Vina rangi za kuvutia, ni vyepesi, vikianguka havivunjiki kirahisi, na vinauzwa kwa seti zinazolingana na bei ya kubebeka. Kwa mbali vinafanana na vya udongo. Vigeuze: wengi wa watengenezaji huandika neno la melamini chini ya sahani. Pasipo maandishi, gonga kwa kucha. Cha udongo kinalia kama kengele ndogo, cha melamini kinatoa mlio mfu wa plastiki.

Tatizo lake ni joto. Huko Taiwan, watafiti waliwapa watu 12 supu ya moto ya tambi. Sita walinywea kwenye mabakuli ya melamini, sita kwenye ya udongo, na mkojo wao ukapimwa kwa saa 12. Waliotumia melamini walikutwa na kemikali hiyo nyingi zaidi kwenye mkojo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Hayakusema kwamba waliugua, na hakuna sababu ya mtu kutupa seti yake leo. Lakini taasisi ya Ujerumani inayotathmini usalama wa vyakula inashauri vyombo hivyo visitumike kwa vitu vinavyozidi nyuzi joto 70. Uji unaotoka jikoni, chai ya maziwa na supu vinazidi hapo. Basi melamini ibebe matunda, kachumbari, chapati, maandazi na keki. Uji wa mtoto uingie kwenye udongo, kioo, stenlesi au bati lililopakwa rangi ya kauri. Na melamini isiingizwe kwenye maikrowevu kabisa.

Sahani ya plastiki au melamini iliyochanika uso kwa visu na steli waya imemaliza kazi yake ya kulia chakula. Michirizi ile inashika mafuta na uchafu ambao sabuni haiufikii. Inaweza kwenda kuwa kisahani cha chungu cha maua.

Upande mwingine, si kila cha kabatini ni salama kwa sababu tu ni cha udongo. Vyombo vya zamani vya kurithi, na vile vya kuchorwa kwa mkono visivyojulikana vilikotoka, vinaweza kuwa na madini ya risasi kwenye rangi na mng'ao wake. Risasi hutoka zaidi pale chombo kinapokutana na vitu vichachu: ndimu, ukwaju, achari, juisi ya embe bichi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Sahani ya bibi mzaa bibi ambayo uso wake umeanza kuwa kama chaki, au rangi yake inatoka kwenye kitambaa ukiifuta, ipewe heshima yake ukutani, kama wazee wa Lamu walivyofanya.

Baada ya kula

Meza nzuri ikishaliwa, vitambaa ndivyo vinavyosahaulika. Kitambaa cha meza kilichomwagikiwa mchuzi hukung'utwa, hukunjwa, na kurudi droo. Kile cha kufutia vyombo ni kibaya zaidi: asubuhi kinafuta vikombe, mchana kinashika sufuria ya moto, jioni kinafuta mkono wa mtoto. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Mauritius walichukua vitambaa 100 vya jikoni vilivyotumika mwezi mzima na kuvipima. Vitambaa 49 vilikuwa na bakteria, na wingi wao uliongezeka kadiri familia ilivyokuwa kubwa na yenye watoto. Vilivyofanyiwa kazi nyingi na vilivyokaa na unyevu vilikuwa na hali mbaya zaidi.

Ndiyo maana pamba inashinda nailoni. Kanga, kikoi na kitambaa cha pamba cha kushona mwenyewe vinavumilia maji ya moto, jua kali na pasi. Kanga mpya ifuliwe peke yake mara mbili tatu kabla haijatandikwa, la sivyo rangi yake itahamia kwenye kiganja cha mtoto na kwenye chapati. Vitambaa vya plastiki vya mezani ni sawa kwa siku za kazi, mradi vifutwe kwa maji na sabuni kila baada ya mlo na visilundikwe kimoja juu ya kingine, maana katikati yake huota ukungu. Kwa vyombo, dawa ya kitambaa kichafu ni kutotumia kitambaa. Kichanja cha kuanikia vyombo, kile cha fito ambacho mabwana afya wamekihimiza vijijini, kinakausha sahani kwa jua na upepo. Cha waya juu ya sinki kinafanya kazi ileile.

Kunawa mikono nako kuna chombo chake. Beseni moja linalozungushwa watu wote wakachovya mikono linagawa uchafu wa wa kwanza hadi wa mwisho. Birika la kumiminia na bakuli la kukinga chini, na sabuni pembeni, ndio utaratibu, na birika zuri la shaba au la stenlesi ni pambo tosha la meza kuliko maua ya plastiki. Chakula kinachosubiri mtu aliyechelewa kifunikwe kwa kawa. Makawa ya ukindu yenye rangi bado yanasukwa Zanzibar na Pemba, na moja likiwekwa katikati ya meza juu ya mkanda wa kanga, mgeni ataliulizia kabla hajaulizia pilau.

Inabaki hofu ya kuvunjika, ambayo ndiyo iliyofunga kabati tangu mwanzo. Ni hofu ya kweli. Seti ya sahani sita ikipoteza mbili haina jina tena. Lakini masoko yetu, Kariakoo kwa mfano, yana wauzaji wa sahani moja moja, na meza za mitumba ya vyombo huwa na mbili za rangi hii na tatu za rangi ile. Sahani zisizolingana zinalinganishwa kwa kitu kimoja tu: zote ziwe na ukingo wa bluu, au zote ziwe za rangi ya udongo, na kitambaa kibebe rangi hiyo. Wanaoogopa kuanza na seti nzima waanze na vyombo viwili, sahani ya bibi na bakuli la mtoto, siku za kazi. Bakuli la mchuzi lenye mfuniko linaweza kuendelea kukaa kabatini.